Mintarafu ya Giza la Pembeni katika Kunakili Picha za Kale



Maana ya giza la pembeni sitaikalia sana, kwani hakuna mpiga picha baina ya River Road na Kangemi asiyelijua: katikati ya picha pana nuru, na kadiri jicho linavyoelekea pembe nne nuru hupungua. Sababu zake aghalabu ni tatu. Ya kwanza ni kizuizi cha nje, kama vile kikinga-jua kisicho kipimo chake au vichujio vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine. Ya pili ni bomba la lenzi lenyewe, ambalo tundu likiwa wazi kabisa huikata miale ijayo kwa mshazari, na dawa yake ni kulipunguza tundu hata f/8. Na ya tatu ni tabia ya nuru, ambayo kwayo mwale uingiao kwa nyuzi 30 hubakiza sehemu 9 katika 16 za mwangaza wa katikati, na wa nyuzi 45 robo tu, wala kupunguza tundu hakufai kitu hapo.

Lililonileta mbele yenu ni lingine. Mji huu una hazina ya picha, tangu Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa katika jengo lililokuwa la Benki ya India, na Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931, hata masanduku ya jamaa wa Westlands na Dagoretti. Nyingi katika picha hizo zilizaliwa na giza lake la pembeni, lililotiwa na kamera ya zama zake, nalo ni sehemu ya ushahidi. Sasa sisi tunaziweka chini ya kamera yetu na taa zetu, tunaongeza giza letu juu ya lile, kisha karani wa kompyuta, kwa nia njema kabisa, anabonyeza kitufe cha kung'arisha pembe na kuyafuta yote mawili. Giza la mwaka 1950 na giza la juzi yamekwisha changanyika, wala hapana kadhi wa kuyatenganisha.

Dawa inajulikana, na ni rahisi hata inaudhi. Kabla ya kazi kuanza, palipo picha huwekwa karatasi nyeupe tupu, ikapigwa kwa taa zile zile, tundu lile lile na umbali ule ule; kisha kila nakala hugawanywa kwa picha hiyo, nukta kwa nukta, katika faili ghafi ambayo kamera haijaitia rangi zake. Litakaloondoka ni kosa la lenzi yetu na taa zetu. Giza la mzee aliyepiga picha asili litabaki pale pale. Vipimo vya lenzi vilivyomo tayari katika programu havitoshi, maadam programu haijui taa zako zimesimama wapi. Taasisi moja, ambayo adabu yanizuia kuitaja, ilinijibu kwa barua yenye muhuri kwamba karatasi tupu si kumbukumbu, na kwa hiyo picha yake haistahiki nafasi katika diski.

Kwa heshima zote, basi, napendekeza karatasi nyeupe ipigwe kila asubuhi, na kila taa inapoguswa. Napendekeza picha yake ihifadhiwe pamoja na nakala. Napendekeza lenzi ndefu badala ya pana, tundu lipunguzwe, na picha iachiwe nafasi katikati ya fremu, kwani pembe iliyopoteza nusu ya nuru hurudishwa kwa kuzidishwa mara mbili, na chembechembe zake huzidi vivyo hivyo. Napendekeza kitufe cha kung'arisha pembe kisiguswe katika nakala za hifadhi. Napendekeza tena, ingawa nimekwisha sema, ile karatasi. Na kama hapana kifungu cha fedha cha kuinunulia, nitaileta mwenyewe.