Kumsimamia Mtumishi Aliye Mbali na Macho



Tumeombwa tuzungumze juu ya namna inayofaa ya kumsimamia mfanyakazi anayefanya kazi mbali na mwajiri wake. Huenda wengine wakadhani kwamba jambo hilo ni la makampuni ya mijini, lisilowahusu wakulima wa kahawa na mahindi. Sivyo. Katika mkoa wetu huu wa Songwe wapo wenye lori moja au mawili yaendayo Zambia na Kongo. Wapo waliomweka kijana auze duka Tunduma. Wapo wenye mawakala wa kuwanunulia mahindi vijijini. Na walio wengi zaidi ni wale ambao baba, mume au mtoto wao ndiye huyo aliye mbali. Tutamchukua dereva wa lori awe mfano wetu, kwa kuwa barabara yake inapita katika wilaya yetu.

Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900, na huo si mwisho wa safari. Mbele yake kuna Nakonde, kisha miji ya shaba ya Zambia, na mara nyingi Lubumbashi au Kolwezi. Kwa majuma kadhaa dereva na utingo wake hulinda mali inayozidi mshahara wao wa miaka mingi, hali tajiri yuko nyumbani. Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi matajiri wametafuta fimbo ndefu zaidi. Siku hizi gari hufungwa kifaa kinachoonyesha lilipo, mwendo wake na muda liliosimama. Hatukilaumu kifaa hicho, kwa maana hulinda mzigo, na pengine humtetea dereva anaposingiziwa. Lakini huonyesha tu kwamba gari limesimama; sababu yake hakiijui. Mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipowarudisha makarani wengi wa dunia nyumbani kwao, makampuni mengine yaliweka katika kompyuta zao programu za kuhesabu kila herufi waliyoigonga. Wasiwasi ni ule ule, uwe wa lori au wa meza ya karani: mwajiri hupima kile kinachopimika, akadhani amekwisha kujua kazi.

Tutazame foleni ya Tunduma. Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Huo ni msaada wa kweli. Hata hivyo foleni ndefu zimeonekana mara kwa mara hata baada ya hapo. Hati moja ikikosekana kwa wakala wa forodha, dereva hana la kufanya ila kungoja. Lakini posho yake ya safari imekadiriwa kana kwamba njia ni nyeupe. Posho ikiisha siku ya nne, siku ya tano atakula nini? Hapo ndipo dizeli huanza kuchotwa usiku. Hatuhalalishi wizi, wala asiwepo atakayetunukuu hivyo. Tunasema tu kwamba tajiri aliyehesabu siku za mwendo bila kuhesabu siku za kungoja ameacha pengo katika hesabu yake, akamwachia mtumishi alizibe. Kwa maoni yetu, posho ya kungoja yapasa ipatanwe kabla gari halijaondoka, iwe ya kila siku, na ipelekwe kwa simu siku ile ile.

Tena kuna jambo la habari mbaya, ambalo twaliona kuwa kubwa kuliko yote. Mwajiri aliye mbali hana macho mengine ila ulimi wa mtumishi wake. Dereva aliyetukanwa kwa sababu aliripoti pancha hataripoti breki zinazolegea. Atanyamaza, atateremka nazo miteremko ya Mbeya, na habari itamfikia tajiri kutoka kwa polisi. Kadhalika muuza duka aliyekatwa mshahara kwa upungufu mdogo alioutaja mwenyewe atajifunza kuficha mkubwa. Anayeleta habari mbaya mapema hana budi kushukuriwa kwanza, kisha aulizwe.

Simu za usiku wa manane za kumwuliza dereva amefika wapi nazo zina madhara yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 9 za kazi ya kawaida kwa siku na saa 45 kwa juma, pamoja na mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku. Sheria hiyo hiyo yataka mkataba wa anayepelekwa kufanya kazi nje ya nchi uwe wa maandishi. Kuhusu hasara, mwajiri haruhusiwi kukata mshahara apendavyo: ni lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, naye apewe nafasi ya kujieleza, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Wangapi kati yetu wenye magari na maduka wamelifuata hilo?

Mwisho tunawageukia wake na wazazi wa walio safarini. Mfanyakazi aliyeachishwa isivyo haki hupeleka shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, kama ya mishahara, yana siku 60. Aliyefukuzwa kwa simu akiwa Kolwezi aweza kufika nyumbani sehemu kubwa ya siku hizo ikiwa imekwisha pita. Kwa hiyo mwambieni asiufute ujumbe aliotumiwa, aandike tarehe aliyoambiwa na jina la aliyemwambia, nanyi mwulizeni afisa kazi mapema, kabla hajavuka mpaka kurudi.