Kodi ya Miezi Sita

(Hotuba ya Mweka Hazina kwenye chakula cha hisani)



Mimi ni mhasibu, nitasema kwa hesabu. Dada yetu anayeishi Dar es Salaam anapigwa na mumewe. Tunamwambia aondoke. Aende wapi? Tuchukue chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6: 300,000. Dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Jumla 350,000, hajanunua godoro wala sufuria. Akikosa, anarudi kwenye kipigo, nasi tunasema amependa mwenyewe.

Sheria haikumtupa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina la mmoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Polisi nako kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini kesi huchukua muda, na usiku wa leo unahitaji mlango wenye komeo.

Ndiyo maana kamati inaomba tuanzishe Mfuko wa Kodi. Lengo la mwaka huu ni kusaidia watu 10: shilingi 3,500,000. Fedha zitalipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Stakabadhi ataziona mkaguzi wa nje. Mkutano mkuu utaona namba tu, bila jina wala mtaa. Nasisitiza hilo kwa sababu anayemtafuta anaweza kuwa mwanachama mwenzetu, amekaa humu humu.

Wapo waliouliza: haya si mambo ya ndani ya watu? Wazee wangu, tulichanga tukajenga madarasa ili mabinti zetu wasome. Hatukuwasomesha waje kuuawa mjini kwa kukosa chumba.

Fomu za ahadi ziko mezani kwenu. Anayeweza kodi ya mwezi mmoja aandike mwezi mmoja. Kwenye daftari langu hiyo ni siku 30 za mtu kulala salama.