Daftari la Nyumba za Kupangisha na Wajibu wa Mwanafunzi

Mada iliyotolewa kwa wanafunzi wa vyuo katika semina ya Haki na Amani, Kisongo, Arusha



Tumeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la makarani tu: kuwepo kwa daftari ambamo kila nyumba ya kupangisha itaandikwa, mwenyewe ajulikane, na hali ya vyumba vyake ikaguliwe. Tunataja msimamo wetu mapema ili tusiwachoshe kwa mafumbo. Tunaona kwamba mwanafunzi anapaswa kuliunga mkono daftari la namna hiyo, lakini aliunge mkono kwa masharti. Daftari linaweza kuwa ngao ya mnyonge, na laweza pia kuwa fimbo ya kumchapia. Tofauti hutegemea nani alikuwapo lilipokuwa likiandaliwa.

1. Hali ilivyo

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 617,631. Ndiyo kusema katika miaka kumi waliongezeka watu zaidi ya laki mbili, na wote hao wanahitaji mahali pa kulaza kichwa. Miongoni mwao wamo wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu kule Njiro na wa Chuo cha Ufundi pale mjini. Nje kidogo ya Jiji wako wenzao wa Makumira, wa Nelson Mandela kule Tengeru, na wa Mount Meru kule Ngaramtoni. Bweni likijaa, mwanafunzi huingia mtaani kama mpangaji mwingine yeyote.

Kodi ya mjini ikimshinda, hutoka nje zaidi. Ndivyo vyumba vya kupanga vinavyoifuata barabara ya Dodoma, vikaupita uwanja wa ndege na kufika hapa Kisongo, ambako wengi walipajua kwa mnada wa mifugo na mashamba ya mahindi na maharage. Mwenye kiwanja hujenga vyumba vinne uani, akipata fedha huongeza viwili, na choo hubaki kilekile kimoja.

Mwanafunzi afanyaje? Humtafuta dalali. Hutoa fedha ya kuonyeshwa vyumba, na akikipata humpa dalali kodi ya mwezi mmoja. Kisha mwenye nyumba humtaka kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kwa mkupuo. Mara nyingi hakuna risiti, na mkataba ukiwepo ni karatasi moja anayobaki nayo mwenye nyumba. Tume imewasikiliza vijana waliofungiwa chumba kwa kufuli wiki ya mitihani, vitabu vikiwa ndani, kwa sababu kodi ilipandishwa kabla muda waliolipia haujaisha. Tumewasikiliza na mabinti walioambiwa kwamba kodi ina njia nyingine ya kulipwa. Binti wa namna hiyo hakujua amshitaki mtu huyo kwa nani, kwa maana hakujua hata jina lake kamili.

2. Tulikotoka

Isidhaniwe kwamba nchi hii haikuwahi kulifikiria jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangazwa katika mji huu huu, lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyofikia thamani ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1984 ilitungwa Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, pamoja na mabaraza ya nyumba ya mikoa ambako mpangaji aliweza kulalamika.

Mambo hayo yamepita. Masharti ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Sheria ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Hatusemi kwamba yote yaliyofutwa yalikuwa mema. Kodi iliyobanwa mno ilimfanya mwenye nyumba aache kukarabati, na wengine walitoza kilemba kwa siri. Lakini penye ukuta uliobomolewa, mtu huuliza ni nini sasa kinachozuia mvua.

Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Sheria hiyo humtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa utulivu, na humtaka apangishe chumba kinachofaa binadamu kuishi. Inautambua hata mkataba wa mdomo, ukiwa wa muda usiozidi mwaka mmoja. Hayo ni mema. Lakini mkataba wa mdomo atauthibitisha nani? Baraza la Kata husuluhisha, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya huamua. Mwanafunzi aliyefukuzwa Jumatatu akiwa na mtihani Jumatano hawezi kungoja baraza. Haki iliyomo kitabuni bila kumbukumbu mtaani ni kama kisima kisicho na kamba.

3. Nondo za madirishani

Kuna jambo zito kuliko kodi. Angalieni madirisha ya vyumba vyenu. Karibu yote yana nondo zilizochomelewa, kwa kuwa tunaogopa wezi. Mlango ni mmoja. Ndani ya chumba hicho kuna jiko la gesi au la mkaa, godoro, pazia, na waya wa umeme uliogawanywa mara nyingi kutoka mita moja ya LUKU. Moto ukianzia mlangoni, mwenye chumba atatokea wapi?

Mwaka 1999, katika mji wa Glasgow nchini Uskoti, wanafunzi wawili walikufa kwa moto katika nyumba ya kupanga. Madirisha yalikuwa na nondo na hawakuweza kutoka. Mwaka uliofuata Uskoti ilianza kulazimisha nyumba zinazokaliwa na wapangaji wengi wasio wa familia moja zipate leseni, na kabla ya leseni nyumba ikaguliwe. Mwaka 2006 ilianzisha daftari la wenye nyumba wote wa kupangisha, ambalo mwananchi yeyote aweza kulisoma. Tunautaja mfano huo kwa sababu dirisha la Glasgow na dirisha la Kisongo ni dirisha moja. Kule ilibidi vijana wafe kwanza. Nasi tunayo makaburi yetu: watu wa Kilimanjaro na Arusha hawajasahau wasichana wapatao 40 waliokufa katika bweni la Shauritanga, Rombo, mwaka 1994. Hatuna haja ya kungoja fundisho jingine.

Hata Maandiko yana sheria ya ujenzi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamtaka ajengaye nyumba azungushie dari yake ukingo, kusudi asibebe hatia mtu akianguka. Mungu hakuona kuwa ni jambo dogo kumwagiza mwenye nyumba kuhusu ukingo wa dari. Naye Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliyataja makazi miongoni mwa haki za binadamu, pamoja na chakula na mavazi.

4. Hofu ambazo ni za kweli

Tusiwadharau wanaolipinga daftari. Tumewasikiliza nao, na hofu zao ni nne.

Hofu ya kwanza ni ya mwenye nyumba. Wengi wao hapa si matajiri. Ni mjane aliyejenga vyumba vitatu kwa kiinua mgongo cha marehemu mumewe, au mzee ambaye kodi hiyo ndiyo pensheni yake. Wanaogopa kwamba daftari ni mtego wa kodi ya Serikali. Nao wameshaona: tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, na mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji. Hatumfundishi mtu kukwepa kodi halali. Lakini daftari likizaliwa kama wavu wa kodi, litajaa uongo: vyumba vinane vitaandikwa vitatu, na vile vitano vilivyofichwa ndivyo vibovu kuliko vyote.

Hofu ya pili ni ya mpangaji, kwamba gharama za ukaguzi zitahamishiwa kwake. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo nondo inayofunguka kwa ndani ni kazi ya fundi wa kuchomelea ya siku moja, wala haihalalishi kupandisha kodi kila mwezi kwa mwaka mzima.

Hofu ya tatu ni rushwa: mkaguzi atapita, atapewa bahasha, na ukuta wenye ufa utaandikwa kuwa mzima. Dawa ya hofu hiyo ni uwazi. Kilichoandikwa juu ya nyumba kisomwe na wanaoishi ndani yake, kwa maana wao ndio wanaoujua ufa.

Hofu ya nne ni ya wazee. Wanaukumbuka mwaka 1983, wakati wa Nguvu Kazi, watu waliposakwa mijini kwa sababu hawakuwa na kazi inayotambulika. Wanasema leo mtaandika nyumba, kesho mtaandika watu. Wana haki ya kusema hivyo. Kwa hiyo daftari liandike nyumba na mwenye nyumba. Majina ya wapangaji, dini zao, kabila zao na vyuo vyao yasiwemo.

5. Daftari tunalolitaka

Daftari tunaloweza kuliunga mkono liwe na mambo haya: jina la mwenye nyumba au msimamizi wake, idadi ya vyumba na watu ambao nyumba yaweza kuwachukua, choo na maji, hali ya nyaya za umeme, na njia ya pili ya kutokea. Lionyeshe kama mkataba umeandikwa nakala mbili na kama risiti hutolewa. Kuandikisha kuwe bure, au kwa ada ndogo. Mwenye nyumba apewe muda wa kutengeneza kabla ya kuadhibiwa, na nyumba isifungwe kabla wapangaji hawajapata pa kwenda.

Msingi wake upo tayari. Serikali za vijiji na mitaa zina daftari la wakazi. Mwaka 2022 nyumba zilipewa namba na barabara zikapewa majina katika zoezi la anwani za makazi. Namba inaonyesha nyumba ilipo. Kilichobaki ni kujua kama mtu anaweza kulala ndani yake akaamka.

Na hapa tuwaonye juu ya mpaka. Kisongo iko katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, nje ya Jiji. Jiji likiandikisha peke yake, vyumba vibovu vitavuka mpaka na kuja huku, na wanafunzi maskini kuliko wote watavifuata. Halmashauri mbili zinazopakana hazina budi kulifanya jambo hili pamoja.

Tena daftari liwe wazi kwa sababu ya viongozi. Tangu mwaka 1991 si mwiko kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, nasi hatumshutumu aliyejenga kwa jasho lake. Lakini diwani anayepiga kura juu ya nyumba za kupangisha, wananchi wajue kama naye anazo.

6. Kazi yenu

Mtasema: sisi ni wapita njia, miaka mitatu na tunaondoka. Ni kweli. Lakini tazameni uani mnakoishi. Chumba cha pili yuko mama anayeuza vitumbua na watoto wanne, chumba cha tatu kijana wa bodaboda, cha nne mlinzi wa usiku. Hao hawataondoka baada ya miaka mitatu. Ninyi mnasoma sheria, hesabu, ujenzi na umeme. Elimu hiyo imelipiwa kwa sehemu kubwa na kodi ya watu hao hao.

Kwa hiyo tunawaomba manne. Kwanza, asiwepo kati yenu atakayelipa bila risiti wala kutia sahihi mkataba asioubakiza nakala. Na jirani asiyejua kusoma, msomeeni. Pili, serikali zenu za wanafunzi zianze orodha ya nyumba wanamoishi wanafunzi, zikiandika hali ya kila nyumba bila chuki na bila kutia chumvi, mkaipeleke kwa halmashauri. Wanaosoma umeme na ujenzi wafundishe wengine kuutambua waya wa hatari. Tatu, mhudhurie mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila robo mwaka. Mkazi mwenye miaka 18 ana sauti pale, hata kama kitanda chake ni cha kupanga. Nne, zungumzeni na wenye nyumba kabla ya kuzungumza juu yao. Baadhi yao tunasali nao kila Jumapili. Mjane mwenye vyumba vitatu akielewa kwamba hamji kumnyang'anya, atakuwa wa kwanza kuikata ile nondo.

Nanyi waheshimiwa wa vijiji mlio hapa, msingoje barua kutoka juu ili kujua nyumba ngapi katika kijiji chenu hazina njia ya pili ya kutokea. Hilo laweza kuhesabiwa mwezi huu.

Sasa tugawanyike katika makundi kwa majadiliano, kila kundi na kijiji chake, na kabla ya chakula cha mchana tungependa kusikia mtaanzia nyumba ipi.