Gololi Moja Kubwa Hubeba Mzigo wa Zote

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mafundi wa jua kali, wahudumu wa bodaboda na wenye vinu vya kusaga wa Sultan Hamud na Kasikeu. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa Kaunti ya Makueni.



Mji wa Sultan Hamud ulianza kama kituo cha reli, na inasimuliwa kwamba jina lake linatokana na Sultan Hamud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902. Tangu wakati huo riziki ya hapa imekuwa ya magurudumu: reli, malori ya Barabara ya Mombasa, bodaboda, baiskeli za kubebea mitungi ya maji, na kinu cha kusaga ambacho hakikosi foleni jioni. Ndani ya karibu vyote hivyo kuna gololi za chuma, na mazungumzo haya ni juu ya namna ya kuchagua nyingine zile za zamani zinapokwisha.

Tuchukue baiskeli kwanza, kwa kuwa hapo ndipo kosa huonekana waziwazi. Habu inafunguliwa, gololi mbili zimepotea, fundi anachovya mkono kwenye mkebe na kuokota mbili zinazofanana na zilizobaki. Gurudumu linazunguka, mteja analipa, anaondoka. Lakini zile saba za zamani zimelika kidogo, na mbili mpya hazijalika. Mpya ndizo kubwa, kwa hiyo ndizo zinazobeba mtungi wa lita 20 na mwendeshaji wake, huku nyingine zikisindikiza tu. Baada ya muda mfupi njia zinamopita gololi, yaani kikombe na koni, zinaanza kubanduka vipande. Mteja akirudi huambiwa vipuri vya siku hizi ni vibovu.

Ndiyo maana gololi hubadilishwa zote kwa pamoja, kutoka pakiti moja. Viwanda vilijifunza jambo hili zamani. Mwaka 1883, Friedrich Fischer wa mji wa Schweinfurt, Ujerumani, alibuni mashine ya kusaga gololi nyingi zikatoka zote na ukubwa mmoja na mviringo kamili. Gololi zilikuwapo kabla yake. Kilichokosekana ni usawa.

Usawa huo haupimwi kwa jicho. Gololi ya robo inchi ina milimita 6.35. Ya milimita 6 ikiwekwa kando yake kwenye kiganja, wengi hawataona tofauti, na duka likiwa na haraka huuza moja badala ya nyingine. Hali ni hiyo hiyo kwa ya 3/16 ya inchi, ambayo ni milimita 4.76, na ile ya milimita 5. Kipimo cha venia humaliza ubishi. Ipimwe gololi ambayo haijalika sana, kwa pande tatu tofauti, kisha ihesabiwe idadi kabla ya kitu chochote kuanguka mchangani. Kwa baiskeli nyingi habu ya nyuma hutumia gololi 9 za robo inchi kila upande, na ya mbele 10 za 3/16. Pikipiki hutofautiana kwa muundo, kwa hiyo fundi ahesabu zilizomo na asikisie.

Kwa wahudumu wa bodaboda, sehemu ya kuangaliwa kuliko zote ni shingo ya usukani. Pikipiki inayobeba abiria na gunia kwenye barabara mbovu hugonga gololi za shingo mahali pale pale, siku baada ya siku, hadi vikombe vinaingia vishimo. Dalili yake ni hii: gurudumu la mbele likiinuliwa juu, usukani ukigeuzwa polepole hunasa katikati kana kwamba kuna kifunguo. Usukani unaonasa hivyo, lori likipita kwa kasi pembeni, haumpi dereva nafasi ya kujirekebisha. Hapo kununua gololi pekee ni kutupa pesa. Vikombe vyenye vishimo vitoke, na seti nzima iingie mpya.

Upande wa vinu vya kusaga sheria ni nyingine. Mota ya umeme ya kinu huzunguka karibu mara 1,450 au 2,900 kwa dakika, kulingana na muundo wake. Beringi ya hapo haifumuliwi ikatiwa gololi mpya, hubadilishwa nzima. Namba iliyochorwa kwenye ringi ndiyo kitambulisho chake. Kwa mfano 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje 52 na unene 15. Tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 hutoa tundu la shafti, kuanzia 04 kwenda juu. Herufi 2RS zina maana ya vifuniko vya mpira pande zote mbili, na ZZ ni vya bati. Mahali penye vumbi la unga, mpira hufaa zaidi. C3 maana yake beringi imeachiwa nafasi zaidi ndani. Ikiwa iliyotoka ilikuwa C3, inayoingia iwe C3.

Beringi ikishapatikana isigongwe kwa nyundo ovyo. Inapobana kwenye shafti, kipande cha bomba kikae juu ya ringi ya ndani peke yake. Ikigongwa ya nje, pigo hupitia kwenye gololi na kuacha alama, na beringi huanza kulia siku ya kwanza. Pale inapopakwa grisi, theluthi hadi nusu ya nafasi iliyo wazi inatosha. Ikijazwa pomoni huchemka. Beringi ya kinu inapounguruma au kuwa moto usio wa kawaida, kinu kizimwe kabla haijapasuka, kwa sababu vipande vya chuma vinaweza kuingia kwenye unga wa watu.

Kuhusu chuma chenyewe, sumaku haisaidii sana, maana huvuta gololi ya kaboni na ya kromu vilevile. Ya kaboni ya bei nafuu ina ganda gumu na kiini laini, inafaa kwa mwendo wa polepole, kama gurudumu la toroli. Ya kromu ni ngumu hadi katikati na ndiyo ya beringi za kasi. Isiyoshika kutu ina mahali pake, kama vali ya pampu ya kunyunyizia miembe dawa, lakini aina zake za kawaida ni laini na hazifai kubeba mzigo. Pakiti nzuri huandikwa pia daraja: G10, G100, G1000. Namba ndogo ndiyo bora. G100 huruhusu mviringo kukosea mikroni 2.5, yaani sehemu mbili na nusu za elfu moja ya milimita.

Gololi zilizokongolewa kwenye beringi kuukuu, watoto wana mchezo nazo, na huko ndiko zinakofaa.

Mnunuzi adai risiti yenye jina la duka, namba na idadi ya vipuri. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari za kutosha kuzihusu, na Sheria ya 2008 ya kupambana na bidhaa bandia inawahusu wauza vipuri kama wauzaji wengine. Maandishi yanayofutika kwa kucha, tahajia mbovu kwenye boksi, au beringi "mpya" yenye mikwaruzo ndani ni sababu ya kurudisha bidhaa siku hiyo hiyo, ikiwa bado haijafungwa kwenye mashine.