SOMO LA WAKULIMA: VIWAVI WAWILI WAFANANAO

Mkulima wa Iramba, Ikungi au Manyoni akiona majani ya mahindi yameliwa, mara husema, "Viwavijeshi wameingia." Lakini siku hizi jina hilo lina wadudu wawili, na njia ya kumwua mmoja haimfai mwenzake. Basi leo tujifunze kuwatambua.

Wa kwanza ni kiwavijeshi wetu wa tangu zamani. Nondo wake huja na pepo za mvua. Viwavi wakizaliwa wengi pamoja huwa weusi mgongoni, wenye mistari myembamba ubavuni, nao huandamana mchana kweupe toka shamba hadi shamba. Hula mahindi, mtama, uwele na nyasi za malisho, maharage huyapita. Lakini wakiwa wachache huwa kijani au kahawia, na hapo ndipo watu hukosea.

Wa pili ni kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 akafika Tanzania. Huyu haandamani sana. Hujificha katika moyo wa mche wa mahindi. Ukiufungua utakuta kinyesi kingi, mfano wa unga wa mbao.

Mshike umtazame. Usoni ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Hiyo peke yake isikudanganye, maana viwavi wengine nao huwa nayo kidogo. Tazama na karibu na mkia: vamizi ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama miguu ya meza. Ukiziona alama zote mbili, ndiye.

Kwa nini tujisumbue hivi? Kwa sababu mkulima akinyunyiza dawa juu ya majani tu, vamizi hukaa salama ndani ya moyo, na fedha imepotea. Huyu yakupasa kumtafuta mche kwa mche, mara mbili kwa juma. Ponda mayai yake, ambayo hulundikwa kwenye jani na kufunikwa kwa manyoya. Dawa ikihitajika, ielekeze ndani ya moyo, jioni au asubuhi mapema, kiwavi akiwa bado mdogo.

Yule wa zamani hawezi kushindwa na mtu mmoja. Siku ile ile umwonapo, mwarifu Bwana Shamba au Bibi Shamba, na jirani zako pia. Ukingoja akue, ataingia ardhini kugeuka bundo, na dawa yako haitampata.

Kazi ya juma hili: kagua miche 10 mahali patano mbalimbali shambani. Andika katika daftari ni mingapi iliyoliwa, na alama ulizoziona. Daftari hilo mwonyeshe Bwana Shamba, naye atajua la kukushauri.