Flashi feki na hasara isiyoonekana dukani

Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia nchini, ilizitambua kwa namba ya IMEI iliyomo ndani ya kila simu. Flashi haina namba kama hiyo, ndiyo maana hata muuzaji wa Makoroboi, hapa Mwanza, anaweza kuwa ameuziwa feki bila kujua. Chipu inayoiongoza flashi feki imepangwa upya ili kompyuta isome, kwa mfano, GB 64, huku nafasi halisi ikiwa GB 8. Utafiti wa mwanafunzi wa Nyegezi au hesabu za mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba huonekana zimehifadhiwa, majina ya mafaili yote yapo, kumbe yaliyozidi nafasi hiyo hayafunguki.

Watasema mwenye kipato kidogo hana budi kununua cha bei nafuu. Ni kweli, na simlaumu. Lakini huyo ndiye asiye na nakala ya pili. Flashi halali ya GB 8 inamfaa kuliko GB 64 za uongo. Adai risiti, aijaribu kwa programu ya bure kama H2testw. Na Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, ianze ukaguzi kwenye maduka ya jumla kabla ya kumfuata machinga.