ASKARI ARUDIPO NYUMBANI

Hotuba iliyosomwa na Karani mmoja mbele ya mkutano wa wanachama, Kibara



Habari niliyopewa ni ya askari aachapo jeshi akarudi katika kazi za raia. Labda mtu ataniuliza, karani ana nini na mambo ya askari? Namjibu ya kuwa mtu avuapo sare, mlango anaoubisha ni wa ofisi, na nyuma ya meza yumo mmoja wetu.

Naanza na jambo la nyumbani. Babu yangu mzaa baba aliondoka hapa Kibara akaingia Keya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hakuwa peke yake, maana yapata watu 87,000 wa Tanganyika walitumika katika vita ile ya 1939 hata 1945. Askari wa Afrika Mashariki walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wakaenda Bukini mwaka 1942, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ilipita bonde la Kabaw katika mvua na matope ya mwaka 1944, hata ikauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Babu alifundishwa kuendesha motokaa kubwa na kuitengeneza iharibikapo. Aliondoka hajui kuandika jina lake. Alirudi mwaka 1946 akisoma barua.

Alirudi na koti, cheti cha kuachiwa, na fedha za kuagwa. Fedha zile hazikufika mavuno. Nyumba ilijaa wageni, na yeye aliona haya kumwambia mtu hapana. Tena, alipokuwa vitani alileta sehemu ya mshahara wake kwa kaka yake, akidhani ananunuliwa ng'ombe. Ng'ombe walinunuliwa kweli, lakini walikwisha tolewa mahari ya ndugu wengine. Hapakuwa na mwizi. Ni kwamba yeye hakusema fedha ni za nini, wala kaka yake hakuuliza.

Je, ule ujuzi wa motokaa? Huku kwetu siku zile motokaa zilikuwa chache, na wenye nazo walikuwa na madreva wao. Basi mwaka 1947 aliposikia ya kuwa Kongwa wanataka madreva katika mpango mkubwa wa karanga, alikwenda. Mpango ule ulikusudia kulima zaidi ya eka milioni 3, lakini mvua zilikosekana, udongo ukawa mgumu kama tofali, na mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikauacha. Babu alirudi Kibara kulima pamba hata kufa kwake, wala hakushika tena usukani. Kazi iliyomwacha mara ya pili ilimwumiza kuliko vita.

Sisemi ya kuwa wote walipotea. Abdulwahid Sykes na nduguye Ally walitumika Burma. Abdulwahid akawa mkuu wa soko la Kariakoo na kiongozi katika Chama cha Waafrika wa Tanganyika, na wote wawili walikuwamo katika kuanzisha TANU mwaka 1954. Lakini wao walikuwa wamesoma, na mjini walikuwa na jamaa na chama cha kuwapokea. Wa Kibara alikuwa na nani?

Tena tukumbuke vita vya Uganda. Kampala ilishikwa tarehe 11 Aprili 1979, na vijana wengi wa mgambo wakarudi kwao. Katika miaka iliyofuata, bunduki zilizotoka vitani zilionekana katika wizi wa ng'ombe mkoani kwetu. Mtu asiyepewa kazi ya mikono yake ataitafutia mikono kazi.

Na leo je? Vijana wanaojitolea JKT, kama walioko Rwamkoma, hutumika miaka yao miwili. Wengine huajiriwa katika majeshi, na waliosalia hurudi nyumbani. Kwao, na kwa askari wanaostaafu, nina shauri la namna nne.

Kwanza, mtu aanze kupanga mwaka mmoja kabla ya kutoka, angali ana mshahara.

Pili, apeleke fedha nyumbani pamoja na maagizo yaliyoandikwa: hizi ni za bati, hizi za shule, hizi zisiguswe.

Tatu, ujuzi alioupata jeshini autafutie cheti cha kiraia. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, humpima mtu aliyejifunza ufundi kazini na kumpa cheti akifaulu.

Nne, fedha za kuagwa asizishike mwezi wa kwanza. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naye arudiye kwao ajihesabu mgeni, ajipe jembe mwenyewe.

Sasa nageuka kwetu sisi makarani. Miaka michache iliyopita, katika ofisi niliyokuwamo, alikuja mtu mzima aliyeacha jeshi. Alikuwa fundi wa umeme, lakini karatasi zake hazikutaja ufundi. Nilimwambia, "Njoo kesho." Nilimwambia hivyo mara tatu, maana sikujua la kumjibu, na niliona haya kusema sijui. Siku ya nne hakuja. Baadaye nilimkuta usiku akilinda duka. Alinipigia saluti. Kazi ya ulinzi ni ya heshima. Lakini ningalimwonyesha njia ya kupimwa, pengine angaliichagua nyingine. Kosa lile ni langu, silisingizii mtu.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali jambo moja dogo. Kila Jumamosi wanachama wawili wakae kwa zamu, wawaandikie barua wanaotoka jeshini, wawajazie fomu, na wawaeleze cheti kinapatikana wapi. Haitugharimu ila karatasi na saa mbili. Mimi nitashika zamu ya kwanza, na jina la mwenzangu nalingoja kabla hatujatawanyika.